Mama Huyu Hayupo

Jumanne, 5 Februari 2013

Nimepata C. Mimi! Darcy Vondra, ambaye tangu darasa la tatu sijui C inafananaje kwenye karatasi yangu. Insha ilikuwa juu ya lile tangazo la reli la mwaka 1879, lililowaita mababu zetu waje Nebraska, kila mtu awe mfalme wa shamba lake. Nilisema ni tangazo zuri lenye matumaini. Bi. Pruett ameandika pembeni: "Sikuuliza kama ni zuri. Niliuliza linafanya kazi gani, na linamfanyia nani."

Kwa penseli! Mtu anayesahihisha kwa penseli anataka nafasi ya kufuta baadaye. Simwamini hata kidogo. Amekuja Agosti kutoka Omaha, anakula peke yake ndani ya gari, na hajasema hata siku moja kwa nini alihama. Nani anahamia Brandt? Watu wanaondoka Brandt.

Nimeweka unywele katikati ya kurasa hizi. Mama, kama unasoma hii, acha.

Jumatano, 6 Februari

Unywele upo. Haithibitishi kitu. Mama ana mkono mwepesi.

Jumanne, 12 Februari

Leo kitu kimetokea. Bi. Pruett alitugawia hotuba ya meya wa kwanza wa Brandt, ya Sikukuu ya Uhuru, ameitoa kwenye sanduku la makumbusho. Akasema kila maandishi yaulizwe maswali manne. Nani anasema? Anamwambia nani? Anataka nini? Na la nne: anaogopa kupoteza nini?

Nikahesabu. Meya ametaja uhuru mara kumi na moja. Usawa mara tano. Halafu nikaangalia nani alikuwa amekaa mbele yake siku ile — watu wa reli, wauza viwanja, na yeye mwenyewe ana viwanja thelathini. Na Wapawnii, ambao ardhi ilikuwa yao, hawamo hata mara moja. Hata kwa kusingiziwa! Nilihisi kama mtu amewasha taa ya jikoni ghafla na mende wote wanakimbia.

Nilinyoosha mkono nikasema. Bi. Pruett hakunisifu. Akasema tu, "Endelea." Shawna Kratky, anayekaa nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba nimekuwa mwekundu mpaka masikio.

Swali la nne niliruka. Mambo ya woga si kazi yangu, mimi si daktari.

Alhamisi, 21 Februari

A! Kwa penseli, lakini A ni A.

Nimeandika mbinu zote kwenye kadi na Mama ananiuliza huku anapiga pasi. Kupanga mambo matatu matatu. Kurudia neno la mwanzo. Swali lisilotaka jibu. Kumkubalia mpinzani kabla hujamgeuka. Mama amefanya kazi ya kupima malori ya mahindi pale ushirika miaka ishirini, hakusoma zaidi ya shule hii hii, na anazikumbuka kuliko mimi. Jana Baba alikuwa anaeleza kwa nini hatuwezi kubadilisha gari mwaka huu. Mama akasema, "Hebu ngoja, Gene. Hapo umepanga matatu matatu."  Tulicheka mpaka Mama akaweka pasi chini.

Hakuna anayepona sasa. Mahubiri ya Padri, matangazo ya mbegu, barua za mkuu wa shule. Wote wanatuvuta kamba na tulikuwa hatuioni. Nashangaa nilivyokuwa mjinga Januari.

Jumanne, 26 Februari

Naandika haraka kabla sijasahau nilivyosema, maana nilisema vizuri.

Chakula cha jioni. Nyama, kabeji, mkate. Barua ya kaka yangu Reid iko mahali pake juu ya kabati la vyombo, kwenye fremu, ile ambayo kamanda wake alimwandikia Mama mwaka 2010. Nimekula chini ya barua ile karibu miaka mitatu na sijawahi kuisoma kama maandishi. Leo nikaisoma. Nikasema, angalieni: "mwaminifu, jasiri, mwenye upendo." Tatu! Nikasema ukitoa jina la Reid ukaweka la mtu mwingine, barua haibadiliki, kwa hiyo imeandikwa mara nyingi, kwa watu wengi. Nikasema imesema kaka yangu "alitoa maisha yake ili wengine waishi huru", lakini Reid hakutoa kitu, alikuwa anaendesha lori la maji na bomu lilikuwa barabarani. Nani anasema? Jeshi. Linataka nini? Linataka tusiulize.

Kila neno nilikuwa sahihi. Nina hakika.

Baba akasema, "Darcy." Basi, jina tu. Mama alikuwa amesimama na sahani ya mkate. Hakuiweka mezani. Akarudi nayo jikoni na sikusikia maji wala kitu.

Sasa kosa langu nini? Mimi pia nilikuwa dada yake.

Ijumaa, 1 Machi

Mama anaongea na mimi kama anavyoongea na madereva wa malori. Ndiyo. Hapana. Asante. Kadi zangu nimezikuta zimefungwa mpira, ziko mlangoni kwangu. Leo nimejiuliza mwenyewe nikajijibu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Hee! Gazeti la leo!

Ukurasa wa barua za wasomaji. Nainakili, maana Mama hatupi gazeti bila kulikata kwanza vipande vya kuwashia moto:

"Bi. Pruett ni mwalimu hodari, sitalikana hilo. Lakini anawapa watoto wetu wembe bila kuwaambia pa kuuweka. Wanakata hotuba za waasisi, wanakata maneno ya viongozi, wanakata na yale tuliyobaki nayo sisi. Mtoto anarudi nyumbani, anatazama kitu kilichotundikwa juu ya kabati, anakichambua kabla chakula hakijaliwa, na mama wa nyumba ile anabaki amesimama na sahani mkononi. Nani atamfundisha mtoto huyo kwamba si kila kitu ni somo? Naiomba bodi ya shule iangalie upya mkataba wa mwalimu huyu."

Imesainiwa: Mlipa Kodi.

Mwoga! Hana jina! Huyu mtu anataka kumfukuzisha kazi Bi. Pruett na hana hata ujasiri wa kusema yeye nani. Nimemwonyesha Baba. Amesoma, amekunja gazeti, amesema samaki wameshuka bei. Samaki! Nani kamuuliza habari za samaki?

Ijumaa, 8 Machi

Bi. Pruett ameileta barua darasani. Yeye mwenyewe! Ametoa nakala ishirini na mbili akatugawia kama maandishi mengine yoyote.  Akasema, "Maswali manne. Mna dakika arobaini."

Ama ni jasiri sana, ama anataka tumtetee bila yeye kuomba. Sijaamua.

Niliandika kurasa nne. Kwanza anamkubalia mpinzani ("mwalimu hodari") ili tumwone mwungwana. Halafu "lakini". Hilo "lakini" ndilo bawaba ya mlango: kila kilicho kabla yake ni chambo. "Wanakata, wanakata, wanakata" — tatu. Swali lisilotaka jibu, mahali pake kabisa. Huyu mtu amefunzwa. Si mkulima wa kawaida huyu.

Shawna akauliza, "Juu ya kabati palitundikwa nini?" Nikamwambia hakuna kabati. Ni picha ya kutungwa: kabati ni taifa, kilichotundikwa ni historia. Mama mwenye sahani ametungwa ili tulie machozi. Bi. Pruett akanigeukia. Akasema, "Una hakika, Darcy? Sahani ni kitu kidogo sana cha kutunga." Nikasema nina hakika.

Washukiwa:
Bw. Zeman wa duka la vifaa. Anaandika gazetini kila wiki mbili.
Padri. Ana elimu. "Wembe" ni neno la mahubiri.
Mkuu wa shule. Yule hata "habari za asubuhi" yake ina bawaba.

Ijumaa, 15 Machi

Samaki wa Kwaresima kanisani. Mji mzima kwenye meza zile ndefu. Nilibeba sahani yangu ya samaki na viazi mpaka mbele ya Bw. Zeman, nikaketi, nikamwambia nimeipenda barua yake ya wiki iliyopita. Mtego!

Akaacha kutafuna. "Barua ipi?"

Nikamwambia ile ya Mlipa Kodi.

"Binti, usinitukane nikiwa na chakula mdomoni," akasema. "Nimeandika kwenye gazeti lile mara arobaini, na mara arobaini jina langu liko chini, na nambari ya duka. Mtu asiyeweka jina lake mimi simpi hata salamu. Mwalimu wenu simpendi, nitakwenda kwenye bodi nimwambie usoni. Haya, kula, samaki wanapoa."

Namwamini. Inaniudhi kwamba namwamini.

Mama alikuwa meza ya kahawa, anawamiminia watu. Bi. Pruett alifika kwenye foleni. Mama akammiminia, akamwongezea mpaka ikamwagika, akamfutia na leso yake mwenyewe.  Bi. Pruett alisema asante mara mbili. Nilidhani Mama amechoka.

Jumatano, 20 Machi

Imetangazwa. Bodi itaamua mkataba wa Bi. Pruett Jumatatu tarehe 8 Aprili, saa moja jioni, kwenye kantini ya shule. Mwananchi yeyote anaweza kusema dakika tatu. Nimemwambia nitasema.

Amekataa! "Sikukufundisha ili uwe wakili wangu." Nikamwambia barua ile ni uongo uliosukwa vizuri na mimi naweza kuufumua mbele ya watu wote. Akasema, "Umejibu maswali matatu tu, Darcy. Kila mara unajibu matatu." Akaondoka na kopo lake la chakula.

Pengine ananizuia ili nitake zaidi. Pengine anaogopa kweli. Nitasema tu.

Jumapili, 24 Machi

Mama ameongea na mimi! Alikuwa anapiga pasi mashati ya Baba nami nilikuwa natembea na karatasi zangu, najipima dakika tatu. Akasema bila kuinua kichwa, "Soma kwa sauti. Kichwani kila kitu ni kizuri."

Nikamsomea yote. Nilipofika hapa — "Wanabodi, mama huyu hayupo. Hakuna sahani. Hakuna kabati. Ametungwa na mtu mwoga ili tumwonee huruma badala ya kufikiri" — pasi ilisimama.

"Unasema hayupo," Mama akasema.

"Hayupo."

"Umemtafuta?"

Nikamwambia hakuna haja ya kumtafuta, Mama, hii ni mbinu, ndivyo wanavyofanya. Pasi ikaanza tena. Akasema sawa. Akasema sentensi yangu ya kwanza inaburuta miguu, niikate katikati. Nimeikata. Kweli ni bora zaidi.

Shati moja la Baba limeungua mgongoni. Mama hajawahi kuunguza shati.

Alhamisi, 4 Aprili

Niliagizwa niteremshe bakuli kubwa kutoka juu ya kabati la vyombo. Nikapanda kiti.

Kuna msumari.

Msumari tu, na mraba wa ukuta uliobaki mweupe kuliko ukuta mwingine.

Sijui umekaa hivyo tangu lini. Nimekula pale kila jioni! Nimekaa nimeuelekea! Mimi ninayehesabu maneno ya mameya waliokufa, sijaona fremu ya kaka yangu imetoka ukutani nyumbani kwangu.

Juu ya kabati. Kabla chakula hakijaliwa. Sahani mkononi.

Mungu wangu. Nilimsomea kwa sauti. Nilimwambia hayupo, naye akanisahihishia sentensi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilimfuata Baba gereji, anasafisha jembe la kuondolea theluji la lori la wilaya. Nikamuuliza moja kwa moja. Baba si mtu wa maneno, kwa hiyo nayaandika yote.

Amesema Mama aliiandika barua ya gazetini mara sita. Nyuma ya kadi zangu za zamani, zile nilizokosea. Yeye Baba ndiye aliyeipeleka gazetini, kwa sababu Mama alifika mlangoni mara mbili akarudi. Ule mstari wa mwisho, wa mkataba, mhariri alimwambia Baba barua lazima iombe kitu, bila hivyo haichapwi, naye akauongeza palepale kaunta akidhani si neno. "Hakutaka mwalimu afukuzwe. Mimi ndiye mjinga."

"Sasa alitaka nini?"

"Alitaka mtu akwambie uache."

Nikamwambia angeniambia mwenyewe. Yuko jikoni, mimi niko mezani, hatua nne!

Baba akafuta mikono. "Barua ya kamanda anajua wanaandika hivyo kwa kila mtu. Alijua siku ile ile ilipofika. Unadhani mama yako mjinga? Kwenye mazishi alikutana na mwanamke wa Kearney, naye kafiwa na mwanawe vitani, wakalinganisha barua zao. Neno kwa neno. Akaitundika hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo karatasi pekee duniani inayosema kijana wake alikufa kwa ajili ya kitu."

Swali la nne. Lilikuwa limetundikwa juu ya kichwa changu nikila kabeji.

Nimelia, basi. Naandika ili nisijidanganye baadaye kwamba sikulia.

Jumapili, 7 Aprili

Nikisema kesho, namwita mama yangu mwoga mbele ya mji. Nisiposema, Bi. Pruett anapoteza kazi kwa mstari aliouongeza Baba kwenye kaunta. Nimejaribu kumwambia Mama mara mbili leo. Mara ya kwanza akanipa taulo nikunje. Mara ya pili akasema, "Kesho vaa sweta ya buluu, ukumbi ule una baridi."

Kwa hiyo anajua nitakwenda. Anajua nini kingine?

Unywele haupo! Nimetikisa daftari lote. Tangu lini, sijui, niliacha kuuangalia Machi. Inawezekana umeanguka wenyewe. Inawezekana.

Mama, kama unasoma hii, samahani.

Jumatatu, 8 Aprili

Kantini. Nimeketi mstari wa tatu, naandikia gotini, sweta ya buluu. Watu labda themanini. Kuna harufu ya viazi vya mchana. Bi. Pruett yuko nyuma kabisa, karibu na mashine ya maziwa, penseli sikioni. Amenitazama akatikisa kichwa, usiseme. Sijui kama ni usiseme au jipe moyo. Siku hizi sijui chochote.

Niliposaini orodha ya wasemaji mlangoni, mimi ni nambari saba. Nambari sita imeandikwa kwa mwandiko ninaoujua kutoka kila pakiti ya chakula changu cha shule tangu nina miaka mitano. L. Vondra.

Ameketi upande wa pili na Baba. Koti la kanisani. Hajaniangalia.

Bw. Zeman amemaliza, alikuwa wa tatu. Amesema mwalimu huyu hampendi kwa sababu tano, akazitaja zote usoni pake. Halafu akasema, "Lakini yule aliyeandika gazetini bila jina, huyo simpendi zaidi. Kama yuko humu, asimame." Watu wamepiga makofi. Mama amefungua mkoba akaufunga.

Wa nne, wa tano, sikuwasikia. Karatasi yangu iko mkononi. "Mama huyu hayupo" iko katikati kabisa, niliipigia mstari chini mara mbili Machi kwa furaha. Nimeifuta sasa hivi mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake sina kitu cha kuweka.

Nambari sita.

Anatembea. Mwenyekiti amemwambia utaratibu, jina na anwani kwanza, dakika tatu. Saa ya jikoni imewekwa mezani, ile ya kuhesabu dakika.

"Lorna Vondra. Mtaa wa Nne, nambari mia mbili na kumi." Sauti yake ni ya pale ushirika, ya kusomea uzito. Ametoa kadi. Ni kadi yangu, naona kona niliyomwagia chai. Amevaa miwani.

"Bi. Pruett ni mwalimu hodari," Mama anasema. "Sitalikana hilo."

Hiyo ni ya barua. Neno kwa neno, sentensi ya kwanza kabisa. Kila mtu humu ameisoma, wengine wameibandika kwenye friji. Kelele za viti zimekatika. Bw. Zeman amegeuka kitini, polepole. Nyuma, Bi. Pruett ameshusha penseli.

Baba ameinamisha kichwa.

Mama ameiweka kadi chini kwenye meza, imegeuka upande wa mbinu. Amevua miwani. Ananitazama mimi, siyo bodi. Mwenyekiti amesema, Bi. Vondra, muda unakwenda. Hakumgeukia.

Katika barua neno linalofuata ni "lakini".

Dakika imepita. Hajalisema.